Nilizunguka milango kuwatafutia kura, sasa hiyo sheria waliyoahidi iko wapi?

Shangazi shikamoo,

Mi ni mama wa watoto wawili, natokea Taita lakini huku London mashariki nimekaa miaka mingi, kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee na shifti zangu nyingi ni za usiku. Nakuandikia kwa sababu nyumbani kwangu tumegawanyika na mi mwenyewe sijui nishike lipi niache lipi.

Kijana wangu wa kwanza ni gei. Alituambia akiwa na miaka 17. Usiku ule nililia sana sikatai, lakini ni mwanangu wa kumzaa na asubuhi tulikunywa chai kama siku zote, maisha yakaendelea. Baba yake alinyamaza tu. Aliyewaka ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, maana yeye ni mtu wa kanisa sana na akaanza kusema tunailetea familia laana na kwamba huko nyumbani Kenya mtu anaenda jela miaka 14 kwa mambo haya. Basi usiku mmoja mi nikiwa kazini akaja akamwambia kijana twende mkesha, kijana akaenda kwa heshima tu maana ni baba yake mdogo, kumbe walishapangana na mchungaji. Walimwingiza chumba cha nyuma wakafunga mlango, simu wakachukua, chakula hakuna, watu wazima wamemzunguka wanampigia kelele pepo toka pepo toka na kumsukuma mpaka anaanguka, na hawakumwachia mpaka aliposema ndiyo nimebadilika. Shangazi mwanangu alirudi hana sauti. Mpaka leo usingizi ni shida, mlango ukifungwa kwa nguvu anashtuka, chuo alichelewa kuanza kwa ajili hiyo.

Sasa 2024 wakati wa uchaguzi mkuu vijana wa chama cha Labour wakagonga mlango, wakanipa karatasi zao, na nilipoenda kusoma manifesto, yaani ilani yao, nikakuta wameandika kabisa kwamba watapiga marufuku hayo mambo ya kumlazimisha mtu abadilike, na watu wa trans, yaani wanaobadili jinsia, wamo. Nilisoma mara mbili. Mi hata sikujua kama naruhusiwa kupiga kura, nilidhani lazima uwe na pasi ya Muingereza, kumbe sisi wa nchi za Jumuiya ya Madola tukiwa na kibali cha kukaa tunaruhusiwa. Nikajiandikisha na nikajitolea, natoka shifti nalala kidogo jioni nazunguka nyumba kwa nyumba, Wakenya wenzangu, Watanzania, Wakongo wa mtaa wa pili, naongea na kila mtu kwa lugha yake. Mgombea mwenyewe nilimsimulia habari za mwanangu, akanishika mkono akaniambia mama hili ni jambo la mwaka wetu wa kwanza.

Akashinda. Mwaka wa kwanza ukapita. Naandika imeili, najibiwa vizuri sana kwamba bado wamedhamiria, bado wanalipa uzito, wakati ukifika wataleta. Mwezi wa sita picha yake inawekwa rangi za upinde wa mvua, mwezi wa saba inatolewa.

Sasa Mei 2026 kuna uchaguzi wa madiwani hapa London na wameshanipigia simu, wanataka nizunguke tena kwa sababu eti naelewana na watu. Mwanangu akasikia akaniambia mama wanakutumia, hadithi yangu mimi wameitumia kupata kura halafu wakaiweka kando, na mimi sipigi kura tena maishani. Mume wangu anasema wanasiasa ni walewale lala upumzike. Na rafiki yangu wa kazini ambaye naye ana binti wa hivyo anasema nikiwasusia hawa watakuja wabaya zaidi na hata hicho kidogo tutakikosa.

Niambie ukweli, nitajuaje kama hawa ni waongo au ni mambo ya serikali tu yanakwenda polepole? Nikazunguke tena au niwaache? Na huyu mtoto nimwambie nini?

Mama wa Wawili, London

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Pole kwako na kwa kijana.

Naomba nianze na kijana kabla ya hao wanasiasa, maana wewe umeandika kama vile bila hiyo sheria mpya hakuna kosa lililotendeka, na hapo nataka unisikilize vizuri. Kumfungia mtu chumbani asitoke ni kosa la jinai Uingereza leo hii, halisubiri muswada wa mtu yeyote. Kumsukuma mpaka anaanguka ni kosa. Na alikuwa na miaka 17, yaani kisheria huko alikuwa bado mtoto, kwa hiyo idara ya ulinzi wa watoto ya council, yaani halmashauri ya mtaa, ina kazi yake hapo hasa kama kanisa hilo bado lina vijana wengine wadogo ndani. Makosa mazito England hayana muda wa kuisha, hata miaka ikipita mtu anaweza kwenda polisi. Lakini aamue yeye mwenyewe, usimsukume hata kidogo, huyo kijana ameshaamuliwa vya kutosha na watu wazima. Akitaka mtu wa kuongea naye kwanza kabla ya polisi, kuna shirika linaitwa Galop, kazi yao ndo hiyo, watu wa LGBT, yaani gei, wasagaji, trans na wenzao, waliofanyiwa ukatili, ukatili wa ndani ya familia nao umo.

Sasa sheria mpya inahitajika kwa nini kama hayo tayari ni makosa? Kwa sababu ya yale ambayo hayana mlango uliofungwa. Mtu anaitwa kila wiki kwa mshauri anaambiwa yeye ni mgonjwa, anatishwa, anashinikizwa, anapangiwa dozi ya maombi na mifungo mpaka anaanza kujichukia, hakuna aliyempiga, polisi hana pa kushika. Hilo ndo shimo ambalo sheria ilikuwa izibe, na watu walioanguka humo ni wengi.

Haya, tuje kwenye swali lako. Ahadi hii haikuanza 2024, ina historia na nataka uijue maana ukiijua hutajiona mjinga. Mwaka 2018 serikali ya Theresa May wa chama cha Conservative ilitoa matokeo ya uchunguzi mkubwa, watu zaidi ya 108,000 wa LGBT walijibu, 2% walisema wamepitia hayo mambo ya kubadilishwa na 5% walisema waliwahi kupewa ofa. Kati ya waliopitia, zaidi kidogo ya nusu, 51%, walisema waliofanya ni watu wa dini, na weusi na Waasia waliyataja zaidi kuliko wazungu. Kwa hiyo mwanangu yaliyokukuta yalishahesabiwa na serikali yenyewe, hawawezi kusema hawakujua. Siku hiyohiyo wakatoa mpango wenye ahadi zaidi ya 75 na hii ikiwemo.

Ikapita 2019 kimya. 2020 Boris Johnson akasema ni jambo la kuchukiza na atalipiga marufuku. Mei 2021 likasomwa kwenye hotuba ya Malkia bungeni, ile inayotaja sheria ambazo serikali inapanga kuleta, miezi miwili baada ya washauri watatu wa serikali yake wa mambo ya LGBT kujiuzulu, na lile jopo la washauri likavunjwa kabisa. Halafu wakakusanya maoni ya wananchi. Mwisho wa Machi 2022 siri ikavuja kwamba wameifuta ahadi, watu wakaja juu, usiku uleule wakageuka wakasema basi tutaleta ila watu wa trans hawamo. Mashirika zaidi ya 100 yakajitoa kwenye mkutano mkubwa wa kimataifa wa LGBT ambao serikali hiyohiyo ilikuwa iwe mwenyeji, mkutano ukafa. Januari 2023 wakasema tena na trans watakuwemo. Novemba 2023 kwenye hotuba ya Mfalme haikutajwa kabisa, haipo. Ndo ikaja manifesto ya Labour ya 2024 uliyoisoma wewe mara mbili. Kutoka May mpaka Starmer hesabu mawaziri wakuu, ni watano, na vyama ni viwili.

Halafu angalia hili maana wengi liliwapita. Julai 2024 hotuba ya Mfalme ilisema wataleta rasimu ya muswada. Rasimu si muswada. Rasimu inatolewa ili kamati ikae iichambue, watu watoe maoni, halafu ndo siku nyingine muswada wenyewe uandikwe upelekwe ukapigiwe kura. Yaani siku ileile wanashangiliwa walikuwa wamejipa njia ndefu, na yule aliyekushika mkono akakwambia mwaka wa kwanza aidha hakuwa ameelewa utaratibu au alielewa. Julai 2025 ikatimia mwaka mzima na hata rasimu ilikuwa haijatolewa.

Sasa kuchelewa peke yake hakuthibitishi uongo, na hapa naomba uwe na subira na mimi kidogo. Kuna ile sheria ya 1988 waliyokuwa wanaiita kifungu cha 28, ilikataza halmashauri na shule zao kuonyesha kwamba mapenzi ya jinsia moja ni jambo la kukubalika, walimu wakaogopa hata kumtetea mtoto anayeonewa. Labour wakaingia madarakani 1997 wakitaka kuifuta na haikufutwa England mpaka Novemba 2003. Miaka sita! Ukisikia hivyo utasema walikuwa wanadanganya vilevile. Lakini mwaka 2000 waliipeleka bungeni, wakasimama, wakapiga kura, Mabwana wa lile bunge la juu wakaikataa, wakarudi nayo. Uskoti walifuta mwaka huohuo. Kila mtu aliona nani anazuia na nani anasukuma, majina yalikuwa kwenye rekodi.

Basi mi kipimo changu ndo hicho. Usiulize wamesema nini wala wamesema kwa uchungu kiasi gani, uliza walishaleta kitu bungeni kikapigiwa kura? Maana kura inamgharimu mwanasiasa, kuna watu atawakasirisha na hawezi kukana baadaye, lakini rangi za upinde wa mvua mwezi wa sita hazimgharimu kitu. David Cameron, waziri mkuu wa Conservative kabla ya May, hakuweka ndoa ya jinsia moja kwenye manifesto kuu ya chama chake ya 2010, lakini Februari 2013 aliipeleka kupigiwa kura, ikapita 400 kwa 175, na wabunge wengi wa chama chake mwenyewe waliipinga kuliko walioiunga mkono. Alikubali kugombana na watu wake. Ndoa za kwanza zikafungwa Machi 2014. Mimi si shabiki wa Cameron kwa mengine mengi tu ila kwa hili alitenda, na sifa yake nampa.

Na kwenye hii ya kwenu, kufikia 2025 serikali za vyama vyote viwili zilikuwa hazijaleta muswada wa serikali hata mmoja ukapigiwa kura. Wabunge mmojammoja walijaribu. Tarehe 1 Machi 2024 kulikuwa na muswada wa mbunge binafsi, Lloyd Russell-Moyle, ilikuwa Ijumaa, siku ambayo wabunge wengi wameshaenda majimboni kwao, wapinzani wake wakaongea wakaongea mpaka muda ukaisha na muswada wenyewe haukupigiwa kura. Kuzuia hilo wanahitajika wabunge 100 wawepo wapige kura kwamba mjadala ufungwe. Mia moja tu, kwenye bunge la watu 650.

Watakwambia kuandika sheria yenyewe ni kugumu. Hapo si uongo wote. Kuna maswali ya kweli, mtu mzima akimwomba mchungaji wake amwombee kwa hiari yake je ni kosa? Mzazi akiongea na mwanawe mezani? Daktari au mshauri anayemsaidia kijana mwenye maswali kuhusu jinsia yake ataogopa kuuliza chochote? Hayo yanataka maneno yaliyopimwa na mi singependa sheria mbovu inayomfunga bibi kizee kwa kusali. Lakini Malta walifanya 2016. Kanada ilipita bungeni bila mbunge hata mmoja kupinga, ikaanza kazi Januari 2022. Ufaransa mwezi huohuo. New Zealand Februari 2022, 112 kwa 8. Wote wana makanisa, wana misikiti, wana wazazi na madaktari. Hata sinodi ya Kanisa la England lenyewe ilipiga kura 2017 kuitaka serikali ipige marufuku. Kwa hiyo ugumu upo ila miaka saba ya ugumu hapana, huyo ni fundi aliyekula advansi na kila ukipiga simu anakwambia mbao zinakauka.

Kama ni waongo au wazembe au waoga siwezi kukuapia, mi naona zaidi ni waoga, wameona suala la trans limekuwa moto kwenye magazeti wakaamua kulipita pembeni. Ila kwa mtu aliyefungiwa chumbani mwoga na mwongo wanamfikishia kitu kilekile.

Sasa kuzunguka milango. Usiwape bure safari hii. Hiyo simu waliyokupigia inaonyesha wanakuhitaji, na mtu anayeongea Kiswahili, anayejulikana mtaani na anayeaminiwa hawampati kirahisi, kwa hiyo una kitu mkononi ambacho mume wako anataka ukitupe na rafiki yako anataka ukigawe. Wabunge wengi wana siku ya kukutana na wapiga kura jimboni, chukua miadi, nenda, na usiende peke yako, huyo rafiki yako mwenye binti mchukue. Imeili wanajibiwa na vijana wa ofisini. Uso kwa uso mwulize rasimu inatoka tarehe gani, ameshamwandikia waziri yeye mwenyewe na barua iko wapi uione, ameshasimama bungeni akauliza swali, maana yote anayosema bungeni yanaandikwa na yanasomeka mtandaoni na wewe utaenda kuangalia. Mwombe akujibu kwa maandishi. Akikupa kitu cha kushika, kazunguke kwa moyo wote. Akikupa yaleyale ya kulipa uzito, mwambie kwa heshima kwamba kura yako ni siri yako ila miguu yako msimu huu inapumzika, na mwambie sababu, usiondoke kimyakimya wakadhani umechoka tu na shifti.

Na wagombea udiwani nao wasikuponyoke kwa kusema hiyo ni kazi ya bunge. Marufuku kweli ni ya bunge, lakini ulinzi wa watoto ni wa council, na kumbi nyingine ambazo makanisa madogo yanakodi ni za council. Waulize maofisa wao wamefundishwa kumtambua kijana anayepelekwa kwenye mambo kama ya mwanao? Akipiga simu saa nne usiku nani anapokea? Hayo diwani anaweza kuyashughulikia na hahitaji hotuba ya Mfalme.

Wala usingoje chama peke yake. Wanajeshi gei Uingereza waliruhusiwa Januari 2000 baada ya wanajeshi waliofukuzwa kwenda mpaka mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya na kushinda 1999, serikali ilikuwa bado inawapinga. Ndoa ya jinsia moja kule Ireland ya Kaskazini ilipatikana kwa sababu mbunge mmoja wa upinzani, Conor McGinn, alichomeka kipengele kwenye muswada mwingine Julai 2019 na kikapita 383 kwa 73. Vitu hivi vilisukumwa na watu waliochoka kusubiri zamu yao.

Kijana usimhubirie habari za kura. Ana haki ya kukasirika, na alipokwambia hadithi yake imetumika ana hoja, kwa hiyo kuanzia leo usiisimulie kwa mwanasiasa yeyote, wala usimwandikie mtu, mpaka yeye aseme sawa. Mwambie hivyo kwa maneno kabisa, kwamba ni yake. Kama atataka kuja naye kwa mbunge akae kwenye kiti aongee mwenyewe ni sawa, na akikataa ni sawa, wewe una ya kwako ya kusema kama mama uliyerudi kazini asubuhi ukamkuta mwanao hivyo.

Limebaki la shemeji na mume wako. Umeandika mume wako alinyamaza wakati ule na sasa anakwambia ulale. Mi hilo limenisumbua kuliko la mbunge. Huyo ni mdogo wake, damu yake, na mpaka leo sijaona ulipoandika kwamba amemwita akamwambia ulichomfanyia mwanangu ni kosa na nyumbani kwangu usikanyage mpaka umwombe radhi. Hiyo ni kazi ya baba na haihitaji bunge. Kaeni wawili mkiwa hamna haraka umwambie, na kama Krismasi shemeji anatarajiwa hapo nyumbani basi liongeleeni kabla, mtoto ajue mapema kama atakuwepo ama hatakuwepo.

Niandikie ukishatoka kwa mbunge.

Shangazi